Mto Haukunji Koti

Msumari wa tatu ulikataa kuingia. Iribagiza alikigeuza kiatu, akakibana katikati ya magoti, akausukuma kwa kiganja badala ya nyundo ili wageni wasisikie. Safari hii ulitii. Ncha ilisimama pale alipotaka, chini kidogo tu ya ngozi ya ndani. Mtu akisimama asingehisi kitu. Akitembea hatua mia mbili, ngozi ingelala na msumari ungeamka.

Misumari hiyo ilikuwa imelala katika kopo la dawa ya panya tangu siku mgahawa ulipofunguliwa.

Mgahawa wenyewe ulikuwa na wiki tano pale mtaani Songo. Jean-Marie alikuwa amewapikia Wajapani miaka sita huko Dar es Salaam, akarudi Uvira na visu vyake na sheria zake. Mukeke, samaki wa ziwani, ataliwa mbichi. Mgeni ataketi chini, juu ya mkeka. Na kiatu hakitapita mlangoni. Mlangoni alitundika pazia fupi lililoishia kiunoni mwa mtu, na nyuma yake, kwenye ngazi ya chini, akamweka Iribagiza apokee viatu. Kutoka pale hakuona sura ya mgeni yeyote. Aliona miguu.

"Mukeke mubichi ni chakula ya paka," jirani zake wa Mulongwe walimcheka. "Na weye unaenda kulinda viatu ya paka."

"Acha nilinde," aliwajibu.

Alikuwa binti wa mshona viatu, na kibanda alichoachiwa na baba yake sokoni kilimtosha. Lakini alijua kwamba kila mwenye viatu vizuri Uvira angependa kuonekana kwa Wajapani, kama watu walivyouita mgahawa, na kila mmoja angeviacha viatu hivyo mikononi mwake. Yeye alikuwa akitafuta jozi moja tu.

Baba yake aliitengeneza kwa ajili ya arusi, ngozi ya kahawia, na Iribagiza mwenyewe akaishona soli kwa uzi mwekundu. Mguu wa kushoto wa Hyacinthe, mumewe, ulikuwa mrefu kuliko wa kulia kwa upana wa kidole. Kwa hiyo kiatu cha kushoto nacho kilirefushwa kwa upana wa kidole. Viatu vya namna hiyo havikuwa na ndugu duniani.

Hyacinthe alitoka navyo asubuhi ile mto Mulongwe ulipopanda na kubeba nyumba. Siku ya tatu koti lake lilipatikana juu ya jiwe, limekunjwa, mikono imeingizwa ndani. Ukoo ukasema mto umemchukua. Wakalia, matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwake.

Iribagiza naye alilia. Lakini alilitazama koti.

"Mto haukunji koti," aliwaambia shemeji zake. "Kuna muntu alimuvua."

Hakuna aliyemsikiliza. Miaka minne alilala na wazo hilo, akaamka nalo. Faraja yake ilikuwa moja: mwenye kuvivaa viatu vile, popote alipo, kile cha kushoto kilikuwa kikimpwaya na kumchubua kila hatua.

Na leo, Jumapili baada ya misa, vilikuja. Kwanza zilisimama sandali za mwanamke, za rangi ya dhahabu. Kisha viatu vya kahawia, uzi wake umechakaa ukawa rangi ya tofali. Mwanamume alivivua bila kuinama, akikanyaga kisigino cha kimoja kwa ncha ya kingine. Hyacinthe alikuwa akivua hivyo hivyo, na Iribagiza alimgombeza kila siku. Kumbe hata mwizi wake alikuja na tabia ile ile. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Chance, dada aliyehudumia meza, alipita na sahani tupu.

"Dada Iriba, kuna muzee kule anauliza kama ile samaki haiwezi kupita kidogo tu mu moto."

"Muzee gani?"

"Wa meza ya nyuma. Ya dirisha aliikataa. Anakula na kofia mu macho, utasema polisi inamutafuta." Chance alicheka. "Bibi yake ndiye alimukokota. Iko na mimba, anasema roho yake inataka chakula ya Wajapani. Wametoka muji ya Baraka."

"Anaitwa nani?"

"Antoine."

"Antoine," Iribagiza alirudia taratibu, maana laana nayo huhitaji jina.

Ulibaki msumari wa nne, wa ncha ya kiatu cha kushoto. Aliingiza mkono ndani ili aishike ngozi isiteleze. Vidole vyake vikakuta mashimo ya vidole vya mwenye kiatu, yaliyochimbwa na miaka ya kutembea. Akalifuata la kidole gumba mbele, hadi kwenye nafasi ile aliyoongeza baba yake, mahali ambapo mguu wa mgeni ungeacha pengo.

Pengo halikuwapo. Shimo lilifika mwisho kabisa, laini, la kina.

Aliutoa mkono ndani ya kiatu. Upande wa pili wa pazia mwanamke alicheka, na mwanamume akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Iribagiza akachukua koleo, akaing'oa misumari yote mitatu, mmoja mmoja, akairudisha katika kopo.

Chance akachungulia.

"Dada, Antoine amemaliza. Anaomba viatu."

"Mupe kambambili za hapa. Viatu havijaisha. Arudi kesho."

"Havijaisha nini? Alikuja kula, hakuja kushonesha. Akiniuliza nani anamukatalia viatu yake, nimwambie nini?"

Iribagiza alipekua ndani ya kopo hadi akaupata msumari mrefu kuliko ile mitatu.

"Mwambie ni mujane wake."