Kitabu cha Pili

Kitabu kilizama polepole katikati ya mahindi. Elina alisukuma mkono hadi begani, akakifukia chini kabisa ya kihenge, kisha akasawazisha mahindi juu yake kama anayetandika kitanda.

"Bwana, unisamehe," alinong'ona. "Yule binti wa zamani katika Neno lako aliiba miungu ya baba yake. Mimi nimeiba kitabu tu."

Akajipangusa vumbi, akarudi jikoni. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima vya Mbozi, na Timotheo angefika wakati wowote.

Baba yake Elina, Mwalimu Anania, alikuwa mtu wa kwanza pande zile kusoma chuo cha Uganda. Alirudi na suti moja, vitabu viwili vinene vya hisabati, na Kiingereza cha kubishana na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Tangu hapo hakumwona mtu wa kulingana naye. Kwa hiyo Timotheo, seremala wa misheni, alipotuma washenga, mwalimu alicheka. Seremala yule alianza kusoma akiwa tayari ana ndevu, kwenye darasa la jioni la watu wazima.

"Ng'ombe sitaki," mwalimu aliwaambia washenga, wazee wa kanisa. "Wengine huwalimia wakwe zao shamba. Huyu atanilimia kalkulasi, ile hisabati ya vitabu vyangu. Akiimaliza, Elina ni wake."

Washenga waliondoka wakijua wamefukuzwa kwa adabu. Timotheo hakujua. Kesho yake jioni alipiga hodi, kibao cha kuandikia kikiwa kwapani.

Wakati ule mibuni nyuma ya nyumba ilikuwa miche ya kufika gotini. Sasa ilikuwa inachumwa.

Siku za mwanzo Timotheo alikuwa akipitia jikoni kwanza.

"Elina, umepika nini leo?"

"Maharage."

"Maharage gani yananukia mpaka barabarani?"

"Nenda kwa baba, wewe. Anakohoa huyo!"

Baadaye aliacha kupitia jikoni. Elina hakununa. Kila dakika aliyoiokoa ilikuwa inausogeza mwisho karibu. Chakula alichompelekea barazani kilipoa bila kuguswa, na jioni moja, macho yakiwa kitabuni, Timotheo alichovya tonge kwenye kidau cha wino akala.

Mama yake Elina, Sekela, alicheka hadi akashika ukuta. "Mwanamume akishasahau ladha ya mboga, mwanangu, huyo ameshikwa. Hachomoki."

Elina naye alisoma kwa masikio, nyuma ya ukuta wa matete. Alisikia jinsi ya kupata ukubwa wa shamba lenye mpaka uliopinda: unalikata vipande vyembamba, kisha vyembamba zaidi, halafu unavijumlisha vyote. Alisikia kuhusu mifululizo isiyo na mwisho: nusu, uiongeze robo, uiongeze nusu ya robo, uendelee hivyo milele, na jumla isiipite moja.

"Milele, mwalimu?"

"Milele."

"Na haiipiti moja?"

"Haiipiti."

Timotheo alicheka peke yake, kicheko cha chini, kama mtu aliyeletewa habari kwamba mkewe amejifungua salama.

Kabla ya kila somo aliomba. "Bwana, umenionjesha kitu nisichostahili. Usiniondolee." Nyuma ya matete Elina aliitikia amina, machozi yakimlengalenga.

Ila juzi alimsikia baba yake chumbani.

"Amebakiza kurasa chache," mwalimu alisema. "Lakini kipo kitabu cha pili. Hicho hata mimi kilinitoa jasho. Atazeeka nacho."

"Na binti yako?" mama aliuliza.

"Atangoja."

"Basi mtakuwa wazee watatu barazani. Atakayewapikia mtamtafuta wenyewe."

Ndipo Elina alipokikumbuka kihenge.

Jioni ile ya kufukia kitabu alitega sikio huku ugali ukitokota. Chaki ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kisha mwalimu akafunga kitabu.

"Ni sahihi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Umekimaliza. Lakini kalkulasi haijaisha. Ngoja."

Akaingia ndani. Sanduku likafunguliwa. Likafungwa. Likafunguliwa tena. Vitu vikaanguka sakafuni. Elina alisonga ugali kwa nguvu, moyo ukimdunda kuliko mwiko.

Mwalimu alitoka mikono mitupu, miwani ikiwa imekaa upande. Alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mtu wa kuvunja neno lake, na wazee wa kanisa walilisikia.

"Kilikuwapo kitabu cha pili," alisema. "Hakionekani. Labda Mungu ameamua. Nilisema ukiimaliza kalkulasi, na mimi sina nyingine ya kukupa. Timotheo, umenishinda. Mchukue Elina."

Jikoni, mama alimsukuma binti yake mgongoni. Elina alikuwa ameshafunga kitambaa kipya kichwani, kile alichokihifadhi tangu mibuni ikiwa miche. Akaja hadi mlango wa kuingilia ndani, akasimama hapo, macho chini kama ilivyopasa.

Timotheo aliinuka taratibu. Uso wake ulikuwa umemshuka, kama wa mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Hakionekani vipi, mwalimu?"

Akachukua taa ya chemli mezani, akaanza kuangaza chini ya kiti, nyuma ya kabati, juu ya dari la matete. Alipofika mlangoni akainamisha kichwa kwa heshima.

"Samahani, dada," alimwambia Elina. "Hebu nipishe kidogo hapo. Kuna kitabu tunakitafuta."