Takataka za Fundi Mnana

Mnana alikuwa fundi wa kusuka viota, na hakuna ndege aliyemfikia kwa kufunga mafundo. Ila ukimpelekea kazi, hakuachi umalize kusema.

Siku moja Kanga alimjia akihema, mayai yamekaribia. "Fundi, naomba unisaidie kiota. Mimi nikitaka kutaga huwa..."

"Nimeelewa, mama," Mnana akamkatiza. Akasuka kiota kwenye ncha ya tawi, mlango ukiangalia chini, nyoka hapenyi wala mvua haiingii. Kanga akatazama juu. "Fundi, hebu nisikilize kidogo..."

"Kumbe unataka kikubwa!" Mnana akakibomoa, majani yakaporomoka chini ya mti. Akasuka cha pili, kikubwa. Kanga akafungua tena mdomo, na Mnana akapandwa na hasira. Wateja hawa! Hata fundo moja hawajui kufunga, lakini neno hawakosi. Akakibomoa na hicho, akaanza cha tatu, cha vyumba viwili, huku akinung'unika peke yake.

Alipomaliza akainama kumwita mteja wake. Kanga alikuwa ametulia juu ya lundo la majani yaliyobomolewa, amekwisha kutaga.

"Ondoka hapo!" Mnana akafoka. "Hizo ni takataka zangu! Kiota chako kiko huku juu!"

"Pole, fundi," Kanga akajibu bila kuinuka. "Sisi hutagia chini. Hizi takataka ndizo nilizokuwa nikitaka kukuomba, tangu pale uliponiambia umeelewa."