Kobe Alivyochupa

Zamani wanyama walipokuwa bado wanaaminiana kupita kiasi, Kobe aliteleza juu ya jiwe, akabingirika hadi miguuni pa Tumbili.

"Pole, mzee wangu! Umeanguka?"

Kobe aliona haya. "Embe ndilo huanguka. Mimi nimechupa."

Tumbili hakuwa na kifua cha kuweka habari. Kabla jua halijapanda, Swala, Chura na Panzi, ambao huchupa kwa wepesi tangu kuzaliwa, walikuja kumpigia magoti.

"Mwalimu, tufundishe," alisema Chura. "Sisi tukichupa hakisikiki kitu. Wewe umechupa mpaka ardhi ikatikisika!"

Kobe akavimba kichwa. Wakambeba kwa nyimbo na vigelegele hadi ukingoni mwa genge refu, awaoneshe. Alipochungulia chini, moyo ulimpiga pa!

"Jamani, nilidanganya! Mimi sijui kuchupa, mimi huanguka tu!"

Chura akamgeukia Panzi, machozi yakimlengalenga. "Umesikia? Bingwa mzima, na wala hajikwezi!"

Kisha, kwa taadhima yote, wakamsukuma.