Jina la Saba Ubaoni

Bi Crouch alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, na Fred Maw huko juu, brashi mkononi, hakuwa na ruhusa ya kushuka wala ya kuandika. Kushuka alikatazwa na Bi Crouch. Kuandika alikatazwa na Kasisi Lathbury, aliyesimama upande wa pili na daftari la ubatizo kwapani.

Ubao wa mashujaa wa Mtaa wa Garnet waliokufa vitani ulikuwa umetundikwa kwenye ukuta wa nyumba namba tisa, na chini yake rafu ndogo ya maua. Askofu angekuja Jumapili kuubariki. Majina sita yalikwisha kukauka, la mwisho likiwa Wilfred Crouch. Ilibaki nafasi ya mstari mmoja tu, na wanawake wa mtaa, waliosimama kuizunguka ngazi na tayari wakigombania zamu ya kuusugua ubao, walikubaliana uwe wa Jasper Tindall.

Kasisi alikuwa mgeni, amehamia mji wa Hull Pasaka ya mwaka ule, miezi mingi baada ya vita kwisha. Mtu mwema, lakini mtu wa makaratasi. Alipopita nyumba kwa nyumba kukusanya majina, kila mlango ulimwambia asimsahau Jasper. Alikuwa akiujua mtaa mzima, mlango kwa mlango, walisema. Hakuna aliyewahi kusikia neno baya kinywani mwake. Pombe hakugusa, isipokuwa bia kidogo siku ya Krismasi, na hiyo alipewa na Bi Crouch mwenyewe. Kila alfajiri alipita na Mzee Tindall muuza maziwa, mpaka ile Agosti vita vilipoanza, jeshi likamchukua palepale njiani, maziwa hayajaisha kugawiwa.

"Humu hayumo," Kasisi alisema akilipigapiga daftari. "Hakubatizwa. Hakuoa. Simu ya maandishi ya kuarifu kifo chake haikuja. Kwani huyu ni mwana wa mzee?"

"Alimlea tangu siku aliyozaliwa," alijibu Bi Crouch. "Mama yake alikufa akimzaa. Mzee alimnywesha kwa chupa, akalala kando yake wiki tatu."

"Nimeuliza kama ni mwanawe."

"Kamuulize mwenyewe, kama una moyo huo."

Kasisi hakuwa na moyo huo. Alimwona mzee kila siku akisukuma mkokoteni wa maziwa peke yake, mgongo umepinda, na mtaani waliwahi kumwambia kwamba kabla ya Agosti ile alikuwa mtu wa kuimba. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mtaa wa pili waliandika jina la marehemu wao kwa rangi ya dhahabu, askofu akalibariki, na mwezi uliofuata marehemu akaonekana mji wa Leeds na mke mpya. Askofu hakuwa amesahau.

"Mimi nilikuwapo," Fred alisema kutoka juu. Hakuwa na desturi ya kuzungumzia vita, kwa hiyo wote walimtazama. "Jasper alikuwa akipeleka risasi mbele. Kombora lililomuua Wilfred ndilo lililomuua yeye. Walianguka pamoja, hatua mbili baina yao."

Bi Crouch aliiachia ngazi. Akatoa ndani ya aproni barua iliyochakaa kwenye mikunjo, ya mwisho ya mwanawe, akamkabidhi Kasisi aisome kwa sauti.

"Mama, leo nimekutana na Jasper wetu kwenye matope. Nilimwita jina akanijua. Akaniegemezea kichwa begani, nami nikalia kama mtoto. Tumepangiwa njia moja. Usiwe na hofu, siko peke yangu tena huku."

"Hakufa peke yake, Kasisi," alisema mama. "Nisingeweza kulala usingizi kama si hilo. Sitaki watenganishwe ubaoni."

Kasisi alimrudishia barua. Akasema kwa upole kwamba barua ya askari si karatasi ya jeshi, naye alikuwa amemwahidi askofu kwamba kila jina litakuwa na karatasi ya jeshi yenye muhuri.

Hapo ndipo mkokoteni uliposimama. Mzee Tindall alivua kofia, akachomoa ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, akamnyooshea Kasisi.

Kasisi aliisoma. Akainua macho kuwatazama wanawake, na wanawake wote wakawa wanavichunguza viatu vyao. Fred alikuwa akichunguza mawingu. Kasisi akaisoma tena, masikio yakamwiva. Akaiomba ile barua ya Wilfred, akairudia polepole, na alipofika penye bega akatoa leso akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii ni karatasi ya jeshi," alisema hatimaye. "Ina muhuri. Andika, Fred. Na askofu akiwa na swali, aje aniulize mimi."

Brashi ilipogusa ubao, Kasisi alimrudishia mzee karatasi yake kwa mikono miwili. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini yalisomeka: "Amechukuliwa kwa kazi ya jeshi: farasi mmoja wa kahawia, doa jeupe usoni, umri miaka saba, mpole."