Chipu ya Bi Mashavu

Enzi hizo mtu alibandikwa chipu nyuma ya sikio, na yote aliyokuwa bado anayakumbuka yakahamia humo, yakakaa salama. Bei yake ilishuka kila mwezi. Mwajabu aliitaka kwa ajili ya mama yake, Bi Mashavu, lakini akangoja. Ndivyo alivyolelewa. Walipokwenda sokoni Muheza, mama hakununua nyanya mpaka wauzaji waanze kukunja majamvi. "Bei ya asubuhi ni ya wenye pupa, mwanangu," alimwambia huku akicheka, na kikapu kikirudi kimefurika.

Akangoja miaka minne. Mama akasahau majina ya majirani, kisha nyimbo zake za harusini, kisha hata kaburi la mumewe lilipo.

Bei ilipoanguka kabisa, Mwajabu alinunua chipu kubwa, ya kutosha maisha ya watu kumi. Akambandika mama. Kioo cha simu kikaonyesha kwamba karibu nafasi yote imebaki tupu.

Bi Mashavu akaipapasa ile chipu.

"Umeipata kwa bei gani, binti?"

"Elfu mbili tu, mama."

Mama akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto wa watu.

"Wamekupiga. Ungengoja kidogo."