Dawa Inayomkausha Mama

"Mama kachoka," Silvano akasema, hata koti la mvua hajavua.

Dada yake Beatha alikuwa jikoni anamenya viazi. Alikuwa kateremka kutoka kwa mumewe huko Shume, akaja hapa nyumbani kwao Vuga na nusu gunia la viazi hivyo, ili majibu ya hospitali yamkute hapohapo. Kisu kikasimama.

"Kachoka vipi? Sema vizuri."

"Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Kachoka vipi?"

Silvano akakaa kwenye kigoda, akaanza kuvua viatu vilivyojaa tope. Maneno yenyewe alikuja akiyarudiarudia moyoni, toka Dar mpaka Mombo, toka Mombo mpaka huku juu, hadi yakaisha ladha. Hakusikia uchungu. Hakusikia chochote, yaani kama mdomo uliochomwa sindano ya jino: unajua ni wako, lakini haupo.

"Figo inachuja kwa shida. Damu imeonyesha. Daktari anasema ni zile kapsuli."

"Kapsuli si ndizo zinazomlinda?"

"Ndizo zinazomlinda. Na ndizo zinazomkausha."

Walikwenda India wawili, mama na Silvano, serikali ikalipa, na figo ikatoka kwa mmoja ikaingia kwa mwingine. Waliporudi, Vuga nzima ilikuja kuwapokea. Tangu hapo nyumba hii inaishi kwa saa ya kapsuli. Mwili haujui undugu, madaktari waliwaambia. Ukiona figo ya mtu mwingine unaipiga vita, hata kama ni ya damu moja. Kapsuli zinaulaza mwili usipigane. Ila miaka ikienda, dawa hiyohiyo inaanza kuitafuna figo kimyakimya.

"Wewe mghosi, mwanamume mzima," Beatha akasema, "una kazi moja tu duniani, kumtunza mama. Hiyo nayo imekushinda? Chumvi je?"

"Sitii."

"Umewahi kuruka dawa?"

"Hata mara moja."

"Au ulinunua kwa Issa? Maana tangu waseme biashara huria, mtu analala muuza mitumba, anaamka na duka la dawa."

"Dada, nachukua kulekule hospitali."

"Basi umemlisha nini?"

"Anakula ninachokula mimi."

Beatha akatupa kiazi sufuriani, maji yakamrukia usoni. Hakujifuta.

Silvano akatoa mfukoni pakiti ya vidonge vya zambarau, akaiweka juu ya stuli. Akaeleza kama alivyoelezwa, bila kupandisha sauti wala kushusha.

"Tukiendelea na kapsuli vilevile, anakwenda polepole. Miaka miwili, labda mitatu. Tukizipunguza na kuanza hivi, anapumua. Anaweza kukaa nasi miaka mingi."

"Sasa unangoja nini?"

"Ulinzi unaweza kulegea. Mwili ukishtuka, tunampoteza ndani ya wiki. Daktari kasema tuchague wenyewe. Tukikubali, tunaanza jioni hii."

Beatha akaitazama ile pakiti kama nyoka kaingia jikoni.

"Usimfanyie majaribio mama yangu. Polepole ni polepole. Si bado tupo naye?"

"Polepole ni kufa, dada."

"Unasema kama unataja bei ya kabichi! Wewe huna hata chozi?"

Silvano akajikagua. Kweli hakuwa nalo. Tangu daktari afunge mlango hakuwa na kitu ndani isipokuwa ile hesabu: hivi anakauka, vile anafukuzwa. Alitamani mtu amchagulie, alale.

"Nisaidie," akasema. "Peke yangu siwezi. Nikikosea, nitakuwa nimemuua mimi."

Hapo Beatha akanywea. Akavuta kigoda chake, magoti yao yakagusana.

"Mama angetaka nini?" akauliza, safari hii kwa Kisambaa, taratibu.

"Angesema tuache kumhangaikia yeye."

"Angetutukana kwanza."

"Sana."

Wakacheka kidogo kwa pua. Kisha Beatha akalia, akalia kwa ajili ya wote wawili, na Silvano akabaki anautazama moto kama mtu anayesubiri zamu yake. Nje mvua ikakatika. Beatha akajifuta uso na ncha ya khanga, akachana pakiti, akatoa kidonge kimoja. Akamimina maji kwenye kikombe.

"Haya," akasema. "Mpe."

Silvano akafungua mdomo wake, akakimeza. Kisha akaweka kiganja chini ya kitovu, upande wa kulia, juu ya mshono, pale ilipo figo ile, kipande pekee cha mama ambacho, siku ya mazishi yake, hakikuingia kaburini.