Bangili Nyekundu

Mama Rukaya wa jirani anadai bangili yangu iligeuka nyekundu nikikanda maandazi, eti nimetamani tena dawa za kulevya. Sisi tulioacha tunavishwa bangili hizi kliniki, na ikiwa nyekundu mtoto wako hupewa ndugu.

Hasemi kwamba alinicheka kwanza. "Ewe teja, usije ukaunusa huo unga wa ngano!" Nilipandwa na hasira, na bangili haitenganishi hasira na hamu.

Dada yangu Saumu alikuwepo, akasikia yote. Watu wa kliniki walipomuuliza, akasema, "Mimi nimeona nyekundu tu."

Sasa mwanangu amepewa yeye, analia chumbani kwa Saumu, na maziwa yamenilowesha kanga.

"Dada, nifungulie nimnyonyeshe."

Ndani nasikia kijiko kikigonga kikombe cha uji.